Fungu la Mwenye Mwamba

Nilimsikia mwanangu analia kwenye hedifoni, na mwanangu alikuwa amelala mgongoni kwangu.

Sikushtuka. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, kwamba sikushtuka. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, jua linawaka kabisa nje, niko kwenye chumba chetu cha kuhariri pale Redio Mawe, Singida mjini, chumba ambacho hata si chumba, ni stoo ya zamani tuliyoibandika trei za mayai ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Elisha nimembeba kwa kitenge, ana miezi tisa, anapumua shingoni kwangu, pumzi ya moto ya mtoto aliyeshiba. Na masikioni namsikia analia. Nikasema, si ndiyo ile rekodi ya Ijumaa, tulikuwa naye kijijini Sepuka, alilia kidogo. Nikaendelea na kazi.

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Naitwa Rahabu, nimemaliza kidato cha nne Kiomboi, masomo mengi yalinishinda lakini masikio Mungu alinipa. Mtangazaji anarudi kutoka kijijini na sauti ya mkulima, ndani yake kuna upepo, pikipiki, mbuzi, jenereta ya mtu. Mimi natoa vyote, anabaki mkulima. Kompyuta unaifundisha. Unachagua sekunde mbili tatu ambazo hakuna anayeongea, kelele tupu, unaiambia: hii ndiyo kelele, ijue, uiondoe popote utakapoikuta. Inaondoa. Na kuna kitufe cha kusikiliza kile kinachoondolewa, ili uhakikishe hujakata na maneno ya watu.

Sasa hiyo Ijumaa. Kwa kawaida mimi siendi vijijini, anakwenda Laurian, mtangazaji wetu, na pikipiki ya ofisi. Lakini safari hii alitaka mtu wa kushika maikrofoni karibu na jiwe, kwa sababu tulikuwa tunarekodi nyimbo za kusagia uwele, na sauti ya jiwe ni ndogo. Mtoto ningemwacha na nani? Leonard, mume wangu, yuko Manyoni kwenye kazi ya reli. Nikambeba, tukaenda.

Nyuma ya nyumba ya Bibi Amne, pale Sepuka, kuna mwamba mpana umelala chini kama mkeka, umejaa vishimo laini vilivyoliwa na mawe ya kusagia tangu enzi za mabibi wa mabibi. Walikaa wanawake watatu, Bibi Amne katikati. Wanasaga, wanaimba ubeti, ubeti ukiisha wananyanyua mawe yao juu kwa pamoja na kunyamaza. Kimya. Mikono hewani. Baadaye nilipopima ilikuwa sekunde kumi na moja. Halafu mawe yanashuka, ubeti mwingine.

"Hiki kimya ni cha nini, bibi?" Laurian aliuliza kabla hawajaanza.

"Fungu la mwenye mwamba. Sisi tunaimba letu, yeye tunamwachia lake. Pale hapatiwi kitu, si neno wala kikohozi."

"Mwenye mwamba ndiyo nani?"

"Wewe nyamaza tu, mjukuu wangu, na hutakaa umjue." Wale wanawake wakacheka. Laurian naye akacheka. Mimi pia.

Beti zilikuwa tatu na mafungu yake matatu. Kwenye fungu la tatu Elisha akalia. Si kilio kikubwa, ni kile cha kuomba ziwa, nikamtikisa akanyamaza. Bibi Amne hakumalizia wimbo, Laurian akasimamisha mashine. Alishusha jiwe taratibu akamwangalia mtoto, si kwa hasira, akasema, "Turudie. Mtoto amelilia mahali pasipo pake. Tuanze mwanzo."

Lakini wingu lilikuwa limeshajifunga upande wa mashariki, jeusi, na njia ile ikinyesha pikipiki haipiti. Laurian akatazama wingu, akanitazama mimi na mtoto mgongoni. "Malizieni tu mwisho, bibi. Hiyo ya mtoto tutaikata studio."

"Msikate. Nimesema turudie."

"Tunakata kidogo tu, hata wewe mwenyewe hutasikia."

Akaiwasha tena mashine, wakamalizia ule mwisho, jiwe na vigelegele, shingo upande. Laurian akaweka mashine kwenye begi. Na mimi nikakaza kitenge, nami nilikuwa naliogopa lile wingu. Tulipogeuka kuaga, Bibi Amne alikuwa bado amesimama mwambani, hakutupungia mkono.

Basi Jumatatu hiyo ninahariri, akaingia meneja wetu, Bwana Gaspari. Huyu mtu sauti yake inajulikana mkoa mzima. Akisema "Mnasikiliza Redio Mawe" hata mlevi anakaa vizuri. Na anachokichukia duniani ni kimya. Redio ikinyamaza, anasema, msikilizaji anahama. Ndiyo maana alifunga kile kifaa tunachokiita mlinzi: hewani kukinyamaza sekunde nane, chenyewe kinapiga muziki wa kituo.

"Mama Elisha, hivi vishimo vyote vya nini?" Alikuwa anaangalia mchoro wa sauti kwenye kompyuta, unavyopanda na kushuka, na pale kwenye mafungu ni mstari mtupu. "Unajua vikipita kwenye prosesa itakuwa balaa."

Najua. Prosesa ni mashine ya mwisho kabla sauti haijaenda mnarani, kazi yake ni kushusha kikubwa na kupandisha kidogo ili vyote vitoshane. Ukiipa kimya inadhani kuna mtu anaongea kwa mbali, inamvuta, inamvuta, mpaka pumzi ya chumba inajaa redio nzima.

"Kata vyote, unganisha beti," akasema. "Na huo mvumo wa chini utoe."

Mvumo ulikuwepo kweli, chini ya kila kitu, kama nzi kwenye chupa. Ili niutoe nilihitaji mfano wa kelele, na mahali uliposikika vizuri kuliko pote ni fungu la tatu. Na kilio cha Elisha kilikuwa humo humo, nacho nilikuwa nataka kitoke. Nikaona nitamaliza vyote kwa mkupuo. Nikalichagua fungu lote la tatu, nikaiambia kompyuta: hii ni kelele, iondoe.

Kisha nikabonyeza nisikilize kinachoondolewa. Akalia Elisha, mbali. Na ule mvumo chini yake. Halafu, sijui nieleze vipi, mvumo ukaacha kuwa kama wa nzi, ukawa unapanda na kushuka, polepole, kwa subira, unapanda na kushuka, vile vile ninavyofanya mimi nikimtikisa alale. Kuna mtu alikuwa anambembeleza.

Nikavua hedifoni. Mgongoni Elisha amelala. Nikabonyeza kufuta, nikaenda kunywa chai.

Jumanne alfajiri niliamka mwenyewe, maziwa yamejaa yanauma, nikashangaa mbona leo mtoto hajaniamsha. Nikawasha taa. Alikuwa macho. Amekunja ngumi, uso umekunjamana, machozi mpaka masikioni, mdomo wazi mpaka naona fizi, analia kwa nguvu zake zote na hakuna kitu, hakuna hata mkwaruzo.

Nikamnyakua nikampa ziwa. Akanyonya. Hakuna ule mlio wa kumeza. Nikasema ni koo, ni mafua, nikamchemshia maji, nikampaka mafuta. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake, akageuka, kwa hiyo anasikia. Akacheka, mashavu yakapanda, tumbo likatikisika, kimya.

Leonard akapiga simu jioni, kama kawaida yake akitoka kazini. Sikutaka kumwambia, yuko mbali, angefanya nini.

"Mpe simu mwanangu nimsikie."

"Amelala, baba Elisha."

"Amelala wapi na namsikia anacheka hapo?" Akaanza kucheka yeye mwenyewe. "Ee, huyo, huyo! Nani anamtekenya?"

Elisha alikuwa mapajani kwangu, mdomo amefumba, ananiangalia.

"Nani yuko hapo na wewe, Rahabu?" Sauti ya Leonard ikabadilika. "Kuna mtu anaimba."

Nikakata simu, nikaizima kabisa.

Jumatano nikaenda hospitali. Nesi, mama mmoja mpole, akamwangalia koo kwa tochi, akasema koo safi. Akaweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani. Akasogeza. Akasogeza tena. Akakigonga kwa kucha, akakivua, akachukua cha mwenzake. Akashika mkono wa mtoto kwa vidole viwili akahesabu, mapigo yapo, yanakwenda vizuri kabisa, akaweka tena kipimo kifuani, nikaona uso wake.

"Vipimo vyetu vimechoka, mama," akasema. Lakini hakuniangalia. "Mlete Jumatatu daktari atakuwepo."

Nikatoka nje, nikasimama ukutani pale palipo na kivuli, nikamfungua shati nikaweka sikio langu kwenye kifua chake. Masikio yangu mimi nayajua. Moyo wake ulikuwepo, lakini haukuwa hapo, ulikuwa unadunda kule mwisho wa nyumba ndefu ambayo mtu anafunga milango yake mmoja mmoja.

Nilimfuata Laurian ofisini kwa miguu, mtoto mgongoni, sijui nilivukaje barabara. Alikuwa anakula mhogo. Nikamwambia weka sikio hapa. Akaweka. Mhogo akaurudisha kwenye karatasi.

"Kesho alfajiri," akasema. "Sepuka."

Bibi Amne alikuwa mlangoni amekaa kwenye kigoda, kana kwamba tulimpigia simu, na hana simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmechelewa." Akanyoosha mikono nimpe mtoto. Akamweka mapajani, akamshika kidevu. "Umeanza kukosekana mlio gani?"

"Kilio. Sasa hata moyo uko mbali."

"Ndivyo anavyochukua. Kilio, pumzi, moyo. Moyo ukinyamaza humo anamohifadhi yeye, na huku utasimama." Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kisimani. "Kilichotiwa kwenye fungu lake ni chake. Lakini mtoto ni mtoto, mwenye mwamba angewasubiri mrudie wimbo, ndiyo maana nilisema turudie. Sasa wewe ulikwenda ukafanya nini?"

"Nilikata, bibi."

"Ulikata tu?"

Nilishindwa kumwangalia. "Nilichagua pale alipolia. Nikaiambia kompyuta hii ni kelele, iondoe."

Laurian alikuwa ameinamisha kichwa. Kuku walikuwa wanaparua pale uani na nakumbuka nilitamani wapige kelele zaidi.

"Mtoto alikulilia wewe," akasema Bibi Amne, "ukasema ni kelele aondolewe. Basi, kuna aliyesikia akamwokota."

Nililia pale, nikapiga magoti, sijali. Bibi akaniacha nilie mpaka nimalize. Halafu akaeleza, na aliyaeleza mara mbili ili nisije nikasema sikuelewa. Wimbo wote usikike kama ulivyoimbwa, na mafungu yake yote matatu. Usikike redioni, siyo mwambani, maana siku ile bibi mwenyewe alimwambia mwenye mwamba kwamba wimbo unakwenda redioni, na kule redioni ndiko anakongojea. Fungu la tatu likifika atamrudisha mtoto. Na mtoto akirudishiwa sauti asiitoe hapo ndani ya fungu, akiitoa amempa tena, na hiyo hairudi.

"Mzibe kwa ziwa, mzibe kwa mkono, utajua mwenyewe. Na kila anayesikia anyamaze."

"Sisi tutakaokuwa studio?"

"Kila anayesikia, mjukuu wangu. Mwamba wenu mmeupeleka kila nyumba."

Sitasema uongo. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikipiki, upepo machoni, niliyafikiria hayo maneno. Kila anayesikia. Niliwaona akina mama jikoni, mafundi cherehani, watu kilabuni. Ningeweza kuandika tangazo. Lakini tangazo lolote linapita kwa Gaspari, na Gaspari angesema hapana, na angejua, na angefunga studio. Mkono wangu ulikuwa nyuma, mbavuni kwa mtoto, nausikia moyo wake kwa kiganja na siusikii kwa sikio. Nikasema wengine watanyamaza wenyewe. Nikasema sekunde kumi na moja ni kitu gani.

Ijumaa nikaitoa rekodi ya kwanza kwenye kadi, Mungu mkubwa, Laurian alikuwa hajaifuta. Nikaisikiliza yote. Beti zipo, mawe yapo, mafungu yapo. Kwenye fungu la tatu, pale ambapo Elisha alilia, hapakuwa na kilio. Palikuwa na mvumo tu, unapanda, unashuka.

Kipindi kilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Gaspari alikuwa ameshakitangaza wiki nzima kwa sauti yake ile, na Jumamosi yenyewe alikwenda kwenye harusi, tukashukuru. Saa kumi kasoro dakika tano Laurian alizima prosesa, sauti ikapita moja kwa moja. Mimi nikapanda kwenye stuli nikachomoa waya wa mlinzi wa kimya. Feni tukazima. Simu tukazima. Ile simu ya wasikilizaji tukaitoa kwenye waya. Nikakaa sakafuni pale studio, penye trei za mayai kama stoo yetu, mgongo ukutani, Elisha kifuani, kitenge tayari. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

"Uko tayari?" Laurian alinong'ona.

"Anza, kaka. Anza."

Jiwe likaanza kusaga. Ubeti wa kwanza. Sauti za wale wanawake zikajaa kile chumba, nzuri, nzito, kisha mawe yakanyanyuliwa, na kikaja kimya.

Ninajua kimya cha studio. Hiki hakikuwa hicho. Harufu ya uwele mbichi uliosagwa ikaingia, na ya jiwe la moto likipigwa na matone ya kwanza ya mvua, na zile trei za mayai ukutani, sijui nilikuwa naota, zilikuwa kama vishimo vya mwambani. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. Mawe yakashuka. Laurian alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka kwenye pua.

Ubeti wa pili. Nikasikia gari nje linasimama vibaya. Nikajua. Gaspari alikuwa na redio ndani ya gari lake, na kimya cha kwanza kilimkuta njiani, hapo karibu. Fungu la pili likaja, na ndani yake nikamsikia kwenye korido, viatu vya harusi, ngo, ngo, ngo, hasemi bado kitu, anakimbia, na mimi namwomba Mungu asiite jina langu. Hakuniita. Mawe yakashuka tena. Alijaribu mlango wetu, Laurian alikuwa ameufunga kwa ndani. Akaenda chumba cha habari, chumba cha pili, tunatazamana kwa kioo, kule kuna maikrofoni yake. Nikamwona kwenye kioo amevaa suti ya kijivu na ua kifuani, ananyoosha kidole kwenye saa, midomo inasema nini hiki, nini hiki. Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Ubeti wa tatu ukaisha na mawe yakanyanyuliwa.

Na kikaja, na mvumo ukaja nacho, haukutoka kwenye spika, ulitoka sakafuni ukapanda kwenye uti wa mgongo wangu, unabembeleza, unabembeleza, na Elisha akakakamaa mikononi mwangu kama mtu aliyeshikwa na umeme, macho yakatoka, kifua kikajaa, nikaona mdomo unafunguka na nikajua sasa ndiyo, sasa inakuja, siku tano nimeiomba hii sauti kwa Mungu na kwa kila mtu, nimeomba niisikie hata mara moja, na mimi huyo huyo mama yake nikamsukumia ziwa mdomoni na kumkandamiza uso kifuani kwangu kwa nguvu mpaka nikaogopa namuua, anapiga mateke, anatetemeka, naisikia sauti inagonga kwenye nyama yangu kutoka ndani inataka kutoka, nne, tano, sita, na nikainua macho nikaona taa nyekundu ya maikrofoni ya Gaspari imewaka.

Alikuwa amesogeza kiti, amekaa vizuri, anarekebisha tai. Angesema lile neno lake. Ningeweza kumzuia kwa kitu kimoja tu, kupiga kelele, na kelele yangu ingekuwa ndani ya fungu. Nilimtazama. Alinitazama. Nikafunga mdomo wangu.

"Mnasikiliza Redio Mawe," akasema Gaspari, vizuri, kama siku zote.

Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja.

Jiwe likashuka, vigelegele vya mwisho, nikamwachia mtoto, na Elisha akapiga yowe ambalo lilitoa vumbi kwenye trei za mayai. Nililala sakafuni naye. Nikaweka sikio. Moyo ulikuwa hapo hapo, mlangoni kabisa, du, du, du.

Jumapili nililala siku nzima.

Jumatatu Gaspari alikuja amefunga skafu shingoni. Tulidhani mafua. Alifungua mdomo kusoma habari za saa nne, na Laurian akaangalia vipimo vya sauti, havisogei, akabadilisha waya, akabadilisha maikrofoni, ndipo akaniangalia mimi. Mkewe, dada Janeth, alikuwa amekaa mapokezi analia. Aliniambia kwamba nyumbani, mtu hayupo chumbani, anamsikia mume wake anasema lile neno lake kwenye redio ambayo imezimwa.

Halafu tukarudisha ile simu ya wasikilizaji kwenye waya. Ikalia papo hapo. Nikapokea: Redio Mawe, habari za asubuhi. Hakuna kitu. Halo? Hakuna. Nikaweka. Ikalia. Hakuna kitu. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimepokea simu thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyesema neno, na hakuna aliyekata kwanza. Kisha wakaanza kuandika ujumbe. *Mama yangu hasemi tangu Jumamosi, naomba mmwombee.* *Kilabuni kwetu tuko sita, sote tulisema redio imekata.* *Dada, mimi ni fundi cherehani Kiomboi, nilikuwa naimbia mteja.*

Tumekwenda tena Sepuka. Bibi Amne amesema njia ni ile ile, hakuna nyingine. Na Gaspari, ambaye aliniuliza kwa karatasi, *uliniona?*, nami nikaandika *ndiyo*, aliichukua tena ile karatasi. Halafu akaandika chini yake: *Mlinzi nitamzima mwenyewe.* Jana aliniomba niweke sikio kifuani kwake. Niliweka. Hatuna wiki mbili.

Kwa hiyo ninaandika hii, na Laurian ataibandika makanisani, misikitini, mnadani, vituo vya mabasi, Manyoni mpaka Kiomboi, na wewe unayeisoma msomee asiyejua kusoma. Jumamosi hii, saa kumi alasiri, tutaurudia ule wimbo. Kama huwezi kunyamaza, zima redio mapema. Kama una mtoto mchanga, mpeleke mbali na redio. Kama utasikiliza, basi mawe yakinyanyuliwa usiseme imekata. Usikohoe. Usimwite mtu. Hesabu mpaka kumi na moja kwa vidole.

Nimeandika mpaka hapa na simu imelia. Nimeipokea. Kuna kimya, na chini ya kimya, mbali, ule mvumo, unapanda na kushuka.

"Jumamosi," nikamwambia aliyeko huko, yeyote yule. "Saa kumi. Vumilia."

Simu bado iko wazi, na mgongoni Elisha ameamka, anavuta pumzi aanze vile vyake vya ba-ba-ba. Nikamziba mdomo.